Tarakilishi ya michezo: Vifaa visivyopigiwa debe ndivyo huamua

WENGI wa wanaopania kujiundia tarakilishi ya hali ya juu ya kuchezea michezo huanza na swali moja: ni kadi gani ya grafiki iliyo na nguvu kuliko zote sokoni? Swali lenyewe si baya, ila huulizwa mapema mno. Mnunuzi akishalijibu, sehemu kubwa ya pesa zake huwa imeelekea upande mmoja, na vifaa vingine vyote hununuliwa kwa makombo yaliyosalia.

Makombo hayo ndiyo huleta kilio. Kampuni ya Nvidia ilipoanza kuuza kadi ya RTX 5090 mnamo Januari 30, 2025, iliiwekea bei ya dola 1,999 nchini Marekani. Hizo ni zaidi ya Sh250,000 hata kabla ya gharama ya usafirishaji na kodi ya VAT ya asilimia 16. Mtu anayetoa kiasi hicho kwa kifaa kimoja, kisha akakiunganisha na mtambo wa umeme aliouziwa kwa bei ya kutupa, hana tofauti na mfugaji aliyenunua ng'ombe wa gredi akamfunga kwa uzi wa kushonea.

Kadi dhaifu haiui tarakilishi. Huifanya iende polepole tu, na mwenyewe anaweza kuibadilisha mwaka ujao akijaaliwa. Kinachoiua mashine, au kuinyima nguvu zilizokwisha kulipiwa, ni mambo ambayo hayapigiwi debe madukani: umeme unaoingia, joto linalotakiwa kutoka, na jinsi kifaa kimoja kinavyolingana na chenzake.

Skrini kwanza

Mnunuzi makini huanzia mwisho, yaani kwenye skrini, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi itakayofanywa na vifaa vingine. Skrini ya kiwango cha kawaida ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla ikiwa takriban milioni 2.07. Ile ya 2,560 kwa 1,440 ina vitone milioni 3.7. Ile inayojulikana kama 4K ina karibu milioni 8.3, ambavyo ni mara nne ya ile ya kwanza. Vitone hivyo vyote hupakwa rangi upya na kadi ya grafiki kila picha mpya inapohitajika.

Picha hizo nazo huhesabiwa kwa sekunde. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde huipa mashine milisekunde 16.7 za kuandaa kila moja. Ile ya picha 144 huipa chini ya milisekunde 7, na ile ya 240 huiachia milisekunde 4 na ushei.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Kazi ya mchezo hugawanywa baina ya vifaa viwili. Prosesa huamua kinachotokea: adui amesimama wapi, risasi imegonga nini, gari limepinda upande gani. Ikishaamua, huiagiza kadi ya grafiki ichore. Vitone vikiongezeka, mzigo huielemea kadi. Picha kwa sekunde zikiongezeka, prosesa ndiyo hutokwa jasho.

Kwa hivyo mchezaji wa Valorant au Counter-Strike 2, anayetaka picha 240 au zaidi kwenye skrini ya kawaida ili amwone mpinzani kabla hajaonwa, anahitaji prosesa ya kasi. Kadi ya robo milioni kwake itakuwa kama lori la tani kumi lililotumwa kuleta kilo moja ya sukari. Mpenzi wa Cyberpunk 2077 anayetaka kuona mwanga wa taa ukimetameta kwenye barabara yenye maji, kwenye skrini ya 4K, ana haja tofauti kabisa. Huyo ndiye mteja halisi wa kadi kubwa.

Kuna kosa moja dogo linalofanywa hata na watu waliotumia pesa nyingi. Nyuma ya tarakilishi huwa na matundu mawili ya kuunganishia skrini, moja likiwa kwenye ubao mkuu na jingine kwenye kadi ya grafiki chini yake. Anayechomeka waya kwenye tundu la juu hutumia uwezo mdogo wa kuchora uliomo ndani ya prosesa, na kadi yake ya bei ghali hubaki ikilala. Wengine huchomeka mahali panapofaa lakini hawaingii kwenye mipangilio ya Windows kuiamuru skrini ipande kutoka 60 hadi 144 au 240. Mashine huandaa picha mia mbili, skrini ikaonyesha sitini, na mwenyewe akaanza kulalamika kwamba ametapeliwa.

Majina yanayofanana

Katika kuchagua kadi, jina pekee halitoshi. Mnamo Aprili 2025 Nvidia ilitoa kadi ya RTX 5060 Ti kwa namna mbili, moja ikiwa na kumbukumbu ya GB 8 na nyingine GB 16. Jina ni lile lile, na tofauti ya bei iliyotangazwa ilikuwa dola 50. Kumbukumbu hiyo ndiyo ghala la picha ambazo mchezo unazihitaji karibu. Ghala likijaa, kadi hulazimika kutuma watu mbali kuleta mizigo, na mchezo huanza kukwamakwama kila mhusika anapogeuka. Kwa mashine inayodaiwa kuwa ya hali ya juu, GB 16 ndicho kiwango cha kuanzia siku hizi. RTX 5080 ina kiasi hicho, nayo RX 9070 XT ya kampuni ya AMD, iliyotoka Machi 2025 kwa bei ya dola 599, ina kiasi hicho hicho. RTX 5090 ina GB 32.

Madai ya watengenezaji nayo yanafaa kupimwa. Mapema Januari 2025, afisa mkuu wa Nvidia Jensen Huang alitangaza jukwaani kwamba kadi ya RTX 5070 ya dola 549 ingetoa matokeo ya RTX 4090, kadi iliyoanza kuuzwa 2022 kwa dola 1,599. Maelezo yaliyofuata yalionyesha kwamba ulinganisho huo ulitegemea mbinu ya kadi kubuni picha za kati: inachora moja kikamilifu, kisha inakisia hadi tatu za kufuatia. Macho huona mwendo laini zaidi. Mikono ya mchezaji, hata hivyo, haipati faida hiyo, kwa maana picha za kukisia hazijui amebonyeza kitufe gani. Mbinu hiyo ni nzuri pale ambapo mashine tayari inatoa picha za kutosha, na haifai kuwa sababu ya kununua kadi ndogo kwa matarajio ya kadi kubwa.

Ubongo wa mashine

Upande wa prosesa, mambo yamebadilika sana tangu 2022. Kwa miaka mingi wanunuzi waliambiwa watafute viini vingi na kasi kubwa. AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D mnamo Aprili mwaka huo, ilionyesha njia nyingine: kubandika tabaka la ziada la kumbukumbu ndani ya prosesa yenyewe, ili taarifa zinazohitajika mara kwa mara zisifuatwe mbali kwenye RAM. Mrithi wake, Ryzen 7 9800X3D, aliyetoka Novemba 2024 kwa dola 479, ana viini vinane na kumbukumbu ya aina hiyo ya MB 96. Ryzen 7 9700X, ambayo pia ina viini vinane, ina MB 32. Kwenye michezo mingi tofauti hiyo huonekana wazi, ilhali kwa anayehariri video viini vingi zaidi vingemfaidi kuliko tabaka hilo.

Yaliyoikumba Intel yanafaa kuwekwa akilini na yeyote anayenunua prosesa iliyokwisha kutumika. Prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile kubwa kama Core i9-13900K na 14900K, zilianza kuzima michezo ghafla bila sababu iliyojulikana. Mnamo Julai 2024 kampuni hiyo ilikiri kwamba maagizo ya ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba volti nyingi kupita kiasi. Mwezi uliofuata ilitoa maagizo mapya ya kusakinishwa kupitia BIOS, na ikaongeza waranti kwa miaka miwili. Maagizo hayo huzuia uharibifu usitokee, ila hayawezi kuponya prosesa iliyokwisha kuumia. Anayeuziwa moja ya hizo mitumba kwa bei ya kuvutia hana njia rahisi ya kujua iliishi maisha gani kabla ya kufika mikononi mwake.

Prosesa huenda pamoja na ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Ubao wa bei ya juu zaidi hauongezi picha hata tano kwenye mchezo. Kinachohitajika ni soketi inayolingana na prosesa, sehemu imara ya kugawia prosesa umeme, na nafasi za kutosha za diski. La kuzingatia zaidi ni uhai wa soketi yenyewe. AMD imeahidi kuendelea kutoa prosesa za soketi ya AM5 angalau hadi 2027, hivyo anayenunua ubao wa aina hiyo anaweza kubadilisha prosesa pekee baadaye.

RAM nayo ina siri yake. GB 32 zinatosha kwa michezo, mradi ziwe vipande viwili vya GB 16 badala ya kimoja, kwa kuwa vipande viwili hupitisha taarifa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye ubao wenye nafasi nne, vipande hivyo huwekwa katika nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Aidha, RAM iliyoandikwa kasi ya 6000 haifanyi kazi kwa kasi hiyo mpaka mwenyewe aingie kwenye BIOS na kuwasha mpangilio uitwao EXPO au XMP. Asipofanya hivyo, hushuka hadi kiwango cha chini kilichokubaliwa na watengenezaji wote, na kasi aliyoilipia hukaa bila kutumika miaka nenda miaka rudi.

Bei ya RAM ilipanda kwa kasi duniani kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili unde. Mnamo Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kwamba ingeacha kuuzia watu wa kawaida bidhaa zake za Crucial. Kwa sababu hiyo, ushauri wa zamani wa "ongeza RAM, ni rahisi" umepitwa na wakati.

Kuhusu diski hakuna mengi ya kusema. SSD ya aina ya NVMe ya kizazi cha nne, inayosoma takriban MB 7,000 kwa sekunde, inatosha kabisa. Ile ya kizazi cha tano ni ghali na hupata joto zaidi, na tofauti yake katika kufungua michezo ni ndogo mno kuhisiwa. Pesa hizo afadhali zinunue nafasi: michezo mingi ya sasa huzidi GB 100 kila mmoja.

Umeme ndio uhai

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni pawasaplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuugeuza uwe wa volti 12 na chini ya hapo. Halina taa, halionekani kupitia dirisha la kioo, na halitajwi kwenye matangazo. Ndilo, hata hivyo, kifaa pekee kilichounganishwa na vingine vyote, na likifa vibaya linaweza kufa na wenzake.

Mfano ulio wazi ulitokea 2021. Wakati huo kadi za grafiki zilikuwa adimu, na baadhi ya wauzaji nchini Marekani waliwalazimu wateja kuzinunua pamoja na vifaa vingine visivyotakiwa. Miongoni mwa vifaa hivyo kulikuwa na pawasaplai za kampuni ya Gigabyte za aina ya P750GM na P850GM. Wakaguzi huru walipozipima, kadhaa zililipuka. Mnamo Agosti mwaka huo Gigabyte ilieleza kwamba kinga ya kuzima mtambo unapolemewa ilikuwa imewekwa juu mno, kati ya asilimia 120 na 150 ya uwezo wake, ikaishusha hadi kati ya 110 na 120 na kuwakubalia wateja wabadilishiwe. Jina la kampuni lilikuwa kubwa na uwezo ulioandikwa ubavuni ulikuwa wa kutosha. Hayo mawili hayakuzuia mlipuko.

Wala kibandiko cha "80 Plus" si cheti cha ubora kama wengi wanavyodhani. Kinapima jambo moja tu: umeme kiasi gani hupotea kama joto njiani. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 90 inayotoa wati 600 huvuta takriban wati 667 ukutani, na 67 zinazobaki huwa joto. Kibandiko hakisemi lolote kuhusu kapasita zilizomo ndani, wala kinga dhidi ya hitilafu. Dalili bora kwa mnunuzi ni urefu wa waranti, kwa maana hakuna kampuni inayopenda kulipa hasara. Baadhi ya pawasaplai nzuri huuzwa na waranti ya miaka 10. Kifaa kama hicho kitahudumia kadi mbili au tatu kabla ya kustaafu, na bei yake ikigawanywa kwa miaka hiyo haionekani kubwa tena.

Uwezo wake huhesabiwa kwa kujumlisha. RTX 5090 peke yake inaweza kuvuta wati 575. Prosesa ikiongezwa, pamoja na feni, diski na RAM, jumla hupita 700. Juu ya hayo, kadi za kisasa hurusha mahitaji yao kwa ghafla kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na pawasaplai isiyoundwa kuhimili mirusho hiyo huzima mashine katikati ya mchezo. Ndiyo maana Nvidia hupendekeza wati 1,000 kwa kadi hiyo, na ndiyo maana inafaa kutafuta pawasaplai za kiwango cha ATX 3.0 au 3.1, ambazo zimetungwa zikizingatia mirusho hiyo.

Kuna pia suala la plagi. Birika la umeme la wati 2,200 huvuta karibu ampea 9 kutoka soketi ya ukutani. Kadi ya wati 575 inayotumia volti 12 inahitaji takriban ampea 48, zaidi ya mara tano ya birika, na karibu zote hupita kwenye plagi ndogo yenye pini 16 isiyozidi upana wa vidole viwili. Plagi za aina hiyo kwenye RTX 4090 ziliripotiwa kuyeyuka kuanzia Oktoba 2022. Mwezi uliofuata Nvidia ilisema ilikuwa na habari za visa kama 50 duniani, na kwamba chanzo kilichojirudia ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Mnamo 2023 umbo lake lilirekebishwa na kuitwa 12V-2x6: pini ndogo za kuhisi zilifupishwa, ili kadi isivute nguvu zote iwapo plagi haijazama sawasawa. Hata hivyo, visa vya kuyeyuka viliripotiwa tena Februari 2025, safari hii kwenye RTX 5090.

Kutokana na hayo, fundi mwangalifu huisukuma plagi hadi isionekane mwanya, huacha waya unyooke kwa sentimita tatu au nne kabla ya kuukunja, na hukataa nyaya za kuungaunga. Isitoshe, nyaya za pawasaplai moja hazipaswi kutumiwa kwenye nyingine hata kama plagi zinaingia. Upande wa sanduku, kila mtengenezaji hupanga pini atakavyo. Waya unaoingia bila matatizo unaweza kupeleka volti 12 mahali panapohitaji 5, na diski zikaungua mara tu swichi inapobonyezwa.

Kwa mnunuzi wa Kenya, umeme wenyewe ni hoja nyingine. Giza lililotanda katika sehemu kubwa ya nchi usiku wa Agosti 25, 2023, na kuufikia hata uwanja wa ndege wa JKIA, lilikuwa kubwa kuliko kawaida, lakini umeme kukatika na kurejea kwa kishindo si jambo geni mtaani. Wengi hukimbilia UPS bila kusoma maandishi yake vizuri. UPS ya VA 1,000 mara nyingi hubeba wati 600 tu, ambazo hazitoshi mashine inayovuta 700. Fauka ya hayo, zile za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa huukataa na kuzima papo hapo, yaani wakati ule ule ambapo UPS ilitakiwa kuokoa jahazi.

Bili nayo isisahaulike, hasa pale ambapo mchezaji si mlipaji. Mashine inayovuta wati 700 kwa saa nne kila siku humaliza uniti 84 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, kundi linalotozwa bei ya chini zaidi ni la nyumba ambazo wastani wao hauzidi uniti 30. Mzazi ambaye ghafla anaona tokeni zikiisha katikati ya mwezi ana haki ya kuuliza ni nini kilichoingia chumbani mwa mwanawe.

Joto na vumbi

Wati zote hizo hatimaye huwa joto ndani ya sanduku moja. Prosesa na kadi zimepewa kiwango cha juu cha joto kisichopaswa kupitwa. Zikikikaribia, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mwenye mashine haoni onyo lolote. Anaona tu kwamba mchezo uliokuwa ukienda vizuri dakika ya tano unakwama dakika ya arobaini.

Hakuna feni wala kipozeo cha maji kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba chenyewe. Chumba cha Mombasa chenye nyuzi 32 na cha Limuru chenye nyuzi 20 hutofautiana kwa nyuzi 12, na vifaa vya ndani hutofautiana kwa karibu kiasi hicho hicho. Anayeishi pwani anunue kipozeo kikubwa kuliko kile ambacho wakaguzi wa Ulaya walikiona kinatosha, na akumbuke kwamba hewa ya chumvi hula chuma.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika soko la makasha, vinavyojitembeza ni vioo vya mbele na taa za rangi. Kasha lililozibwa kwa kioo upande wa mbele hunyima feni hewa. Lililo bora lina uso wa wavu, chujio la vumbi linaloweza kutolewa na kuoshwa, feni mbili au tatu za kuingiza hewa mbele, na moja au mbili za kuitoa nyuma na juu. Hewa inayoingia ikizidi kidogo inayotoka, vumbi halipati nafasi ya kupenya kwenye nyufa. Kabla ya kulinunua, urefu wa kadi upimwe: RTX 5090 ya Nvidia yenyewe ina milimita 304, nazo za kampuni nyingine nyingi hupita 340. Kadi nzito hivyo huhitaji pia kishikizo chini yake, la sivyo hulegea na kuivuta soketi yake.

Kipozeo cha hewa chenye mnara mkubwa kinatosha kabisa kwa 9800X3D. Cha maji hupendeza macho na husaidia prosesa kubwa zaidi, lakini kina pampu, na pampu huchoka. Kabla ya kukifunga, cha aina yoyote ile, karatasi nyembamba ya plastiki iliyobandikwa chini yake sharti ibanduliwe. Mafundi wamekwisha kufungua mashine kadhaa zilizosemekana kuwa na prosesa mbovu, wakaikuta karatasi hiyo ikiwa imetulia mahali pake.

Kabla ya risiti kupotea

Vifaa vinaponunuliwa, nambari ya utambulisho iliyo kwenye boksi ilinganishwe na ile iliyo kwenye kifaa, na iandikwe kwenye risiti. Anayeagiza kutoka Dubai au Marekani kwa kuwa bei ni nafuu aulize mapema nani atagharamia kukirudisha kifaa iwapo kitaharibika, kwa kuwa waranti za kampuni nyingi hufuata nchi kilikouzwa. Unafuu wa Sh20,000 huyeyuka kwa safari moja ya ndege.

Mashine ikishaungwa, kazi ya kwanza ni kusasisha BIOS, hasa kwa aliyenunua prosesa za Intel zilizotajwa. Inayofuata ni kuipima RAM kwa programu kama MemTest86 usiku kucha, kisha kucheza mchezo mzito kwa saa moja au mbili huku joto la prosesa na la kadi likifuatiliwa kwenye skrini. Ikizima yenyewe, ikinuka kama plastiki inayochomeka, au joto likizidi kupanda bila kutulia, izimwe na irejeshwe dukani siku hiyo hiyo. Maduka mengi hukubali kubadilisha kifaa kwa siku chache tu za mwanzo, na baada ya hapo mteja huelekezwa kwa mtengenezaji, ambako majuma hugeuka miezi. Maboksi yasitupwe kabla ya siku hizo kuisha.